Samli Kwenye Kengele ya Ntobeye

Marahaba. Najua hamjaniamkia bado. Lakini vijana wa siku hizi mnaanza na swali, shikamoo inafuata nyuma ikichechemea, kwa hiyo nimeona niitangulize mimi mwenyewe, tumalizane na adabu mapema.

Swali lenu nalijua pia. Bibi Devota, miaka yote ile kule Biharamulo ulikuwa unafanya kazi gani? Nikiwajibu kwamba nilikuwa napaka vyuma rangi, naona nyuso zinawaporomoka. Mnaona kopo, brashi, na mwanamke aliyechafuka mpaka kwenye viwiko. Sikilizeni. Kazini kwangu sikuwahi kushika brashi. Mimi nilikuwa napuliza unga. Unga mkavu kabisa, laini kama wa muhogo mnaosongea ugali, ila huu una rangi, na ole wake atakayeuonja. Unatoka kwenye bunduki ya kupulizia ukiwa umebeba umeme, unaruka hewani, unakishika chuma na haudondoki. Kisha chuma kinaingia tanurini, unga unayeyuka, unakuwa ngozi ya chuma kile. Magoti yangu yamechoka na macho yanaelekea huko huko, lakini jambo hilo sijalizoea mpaka leo. Kila nilipofungua mlango wa tanuri nilishangaa upya, na wenzangu wakawa wananicheka.

Nataka kuwasimulia habari ya kengele ya Ntobeye, kwa sababu ndiyo kazi iliyonikalisha chini ikanifunza upya. Ila nitaifikia kwa njia yangu, na njia yangu ina kona. Mwenye haraka na arudi kwenye simu yake.

Mimi ni mzaliwa wa Mabawe, Ngara, mtoto wa wakulima wa migomba na maharage. Nilifika Biharamulo kwa shangazi yangu nikitafuta kazi yoyote ile, na kazi yoyote ile ikawa ni kuosha vyuma katika karakana ya Fundi Masanja. Masanja alikuwa Msukuma, mrefu, mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe. Wazazi wake walihamia upande huu na mifugo kutoka Shinyanga, naye ufundi aliupata kiwandani Mwanza kabla hajaamua kujitegemea. Siku ya kwanza nilimkuta amevaa barakoa kama daktari, mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi.

"Unajua kuosha vyombo?" akaniuliza.

"Kuna mwanamke asiyejua?"

"Wapo wengi, na wanaume ndio usiseme. Hapa kuosha ndiyo kazi yenyewe. Kupuliza ni starehe."

Nilidhani ananibembeleza nisiione kazi yangu kuwa ndogo. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenipa mafunzo yote kwa mkupuo mmoja, na miaka iliyobaki ilikuwa ya kurudia tu.

Jioni ile aliniita. Alikuwa ametundika bomba la chuma kwenye ndoano. Akaniambia nisimame nyuma yake, upande ambao bunduki haiuoni, nikodoe macho. Akapuliza kutoka mbele. Wallahi, na mimi ni Mkatoliki, ule unga ulizunguka! Ulipita kando ya bomba, ukageuka, ukaja kukaa mgongoni mwa lile bomba mbele ya macho yangu, punje kwa punje, mpaka chuma cheusi kikawa chekundu pande zote. Hakuna mkono uliouleta huku. Nikajikuta nimefanya ishara ya msalaba. Masanja, aliyekuwa akifuata dini ya mababu zake na mkaidi nayo, akacheka mpaka akavua barakoa.

"Si muujiza," akasema. "Unaona ule waya wa ethi, unaoshuka mpaka ardhini, umebana kwenye ndoano? Unga una umeme, unatafuta pa kuutua. Chuma kimeshika ethi, kwa hiyo unga unakimbilia kwenye chuma, mbele na nyuma. Ndoano ikiwa chafu, ethi haishiki, na unga utaishia kwenye mapafu yako."

Alinieleza yote hayo, nami nikayaelewa. Kuelewa hakukunipunguzia kitu. Nimewahi kumsikia mtu akisema ukijua jinsi jambo linavyofanyika basi mshangao unaisha. Mtu huyo hajawahi kupuliza unga.

Basi nikaosha. Niliosha mageti, fremu za madirisha, vitanda vya zahanati, madawati, vyuma vya pikipiki, hata sufuria za mgahawa mmoja zililetwa kimakosa nikaziosha tu. Kwanza sabuni kali na maji ya moto, kisha kupiga mchanga kwa kompresa mpaka kutu yote itoke na chuma kiwe cha kijivu, kisha dawa, kisha kusuuza. Na mwisho kuna kipimo alichonifundisha Masanja, ambacho nawaachia kama urithi, maana shamba sina. Mwaga maji safi juu ya chuma. Yakitandaa yote kama shuka, chuma ni kisafi. Yakijikusanya vidonge vidonge, yakakimbiana, hapo kuna mafuta, rudi kwenye sabuni. Usibishane na maji.

Na baada ya kuosha, mikono mitupu marufuku. Mwenzetu mmoja, mpenzi mkubwa wa maandazi, alikula zake asubuhi, akajifuta kwenye suruali, akaenda kunisaidia kubeba geti la mfanyabiashara wa pale mjini. Geti likapulizwa, likaokwa, likatoka linang'aa. Katikati yake kulikuwa na vidole vyake, vyote, vimejichora chini ya rangi kama mtu aliyekuwa anasukuma aingie. Mwenye geti alipokuja akaviangalia, akauliza kama hiyo ni alama ya karakana. Masanja akamjibu ndiyo, ya mafundi wetu bora tu. Yule bwana aliondoka amefurahi, na mwenzetu akaitwa Fundi Bora mpaka alipohama.

Tanuri nalo lina elimu yake. Letu lilikuwa chumba cha bati juu ya bati, katikati tumeshindilia sufi ya kuzuia joto, na mlangoni kuna kidirisha cha kioo kama kiganja. Watu wapya wote hukosea mahali pamoja: wanaanza kuhesabu muda tangu mlango ulipofungwa. Bibi zenu wakipika ndizi, huwa wanahesabu tangu sufuria ilipotua kwenye mafiga? Hapana, tangu ilipochemka. Chuma nacho hivyo hivyo. Bati jembamba linashika joto upesi, nondo nene inachelewa. Muda wa rangi unaanza chuma chenyewe kikishakolea joto, hewa ya tanuri isikudanganye.

Mimi nilikuwa siondoki kwenye kile kidirisha. Mwanzoni unga umekaa tu, mkavu, ukiupuliza kwa mdomo unapeperuka. Halafu unaanza kulowa. Nasema kulowa kwa kuwa sina neno jingine, kitu kikavu kinalowa bila tone la maji. Kisha unatambaa, unaziba vijishimo, unatulia, unang'aa. Ukitoka hapo, nyundo ndogo haiutishi. Lipo geti tulilolifanyia kazi nikiwa sina mvi hata moja, barabara ya kwenda Nyakahura. Mbuzi wamejikunia hapo, mvua za masika zimelichapa, vumbi la malori limelizika, na ukilifuta kwa kanga unauona uso wako. Nikipita na basi huwa nawaonyesha abiria wenzangu. Wengine huhama kiti.

Siku zile umeme ulikuwa wa jenereta, na jenereta ikikohoa, unga wote uliokwisha kukaa kwenye chuma unalegea. Sasa umeme upo, bunduki zina vioo vya namba, unaweka unachotaka. Zitumieni, sina ugomvi nazo. Ila namba haitawaambia kilichojificha ndani ya chuma. Hapo ndipo kengele ya Ntobeye inapoingia.

Aliyeileta alikuwa katekista wa kigango kimoja cha Ntobeye, huko Ngara kwetu, Mzee Baranyikwa. Alishuka kwenye basi la kutoka Ngara akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gunia, na kondakta akimsaidia upande mmoja huku analalamika. Walipofungua gunia nikaona ringi ya lori. Huko kwetu mnajua, kigango kisicho na kengele ya shaba hutundika ringi na kuipiga kwa nyundo. Hii ilitoka kwenye lori la chakula lililoharibikia njiani enzi za kambi za wakimbizi za Lukole. Wenye lori waliondoka, ringi ikabaki kwenye majani, na Mzee Baranyikwa, wakati huo kijana mwenye mabega, akaibeba mpaka kanisani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kengere yetu inariwa na kutu." Wazee wa kwetu, l huwateleza ikawa r.

Nilipomwambia mimi ni wa Mabawe, akahamia Kihangaza, lugha ya kwetu, papo hapo, akakaa kwenye ndoo, akanieleza tatizo lenyewe. Halikuwa la kengele. Lilikuwa la mke wake.

Mama Anastazia, mkewe, alipofuka macho akiwa mtu mzima. Nyumba yao iko ng'ambo ya bonde, na kanisa liko upande wa pili. Kuna kushuka, kuna kijito chenye daraja la magogo, kuna kupanda. Alikataa kushikwa mkono. "Mimi si mbuzi wa kuvutwa," ndivyo alivyosema, na alisema mara moja tu. Basi Jumapili mzee hutangulia, hufungua kanisa, hupiga kengele. Watu husikia kengele ya misa ndefu kuliko ya vigango vyote, hudhani katekista wao ana ibada nyingi. Kumbe anampigia mke wake. Hupiga polepole, hupiga, hupiga, naye anaifuata ile sauti kwa miguu yake mwenyewe bondeni na kilimani mpaka anafika. Akifika huweka kiganja kwenye kengele, kama mtu anayesalimia, halafu ndipo sala ianze.

Na sasa kutu ilikuwa imemkata kiganja. Jeraha likavimba, likamlaza kitandani. Alipopona, mzee aliamua kuleta kengele kwetu. Walikuwa wameipaka rangi ya kopo mara kadhaa, ikawa inabanduka kama ganda la kitunguu.

"Rangi gani, baba?"

Akafikiri. "Wengine wanataka buruu ya Mama Maria. Mimi nataka iwe raini. Na sauti, mwanangu. Tumetundika kipande cha reli mahali pake, nimepiga mpaka bega limeniuma, mama hakutoka ndani. Anasema ile sauti haijui njia. Hii ikirudi na sauti nyingine, sijui itakuwaje. Tangu niiondoe pale, mke wangu ni mfungwa."

Masanja alikuwa amesimama nyuma yangu. Kihangaza hakukielewa vyema, lakini uso wa mzee alikuwa ameuelewa. Akaigonga ringi kwa kifundo cha kidole, akaiinamia, akasikiliza mpaka mlio ulipokwisha. Akaniambia, "Hii utaifanya wewe."

Nikaosha. Nikapiga mchanga. Nikaosha tena, nikamwaga maji, yakatandaa kama shuka. Nikaitundika, ethi ikashika, nikapuliza buluu. Unga ulikaa vizuri mpaka nikamwita Masanja aje aone. Tukafunga tanuri, nikaenda zangu kwenye kidirisha.

Kwanza ilikuja harufu. Ilianza kama wazo tu, kisha ikajaa karakana yote. Ilikuwa harufu ya nyumbani: jiko la bibi yangu Mabawe, kibuyu cha maziwa kinasukwa, samli mpya inayeyuka juu ya maharage. Fundi Bora akauliza nani anapika. Masanja, mtoto wa wafugaji, alinusa mara moja, akaniangalia, nami nikamwangalia. Nikarudi kwenye kioo. Pale unga ulipokuwa umeanza kulowa na kung'aa, vijishimo vilikuwa vinafumuka kimoja baada ya kingine, na mafuta yanatoka ndani ya chuma kama jasho, yanasukuma rangi pembeni. Ilipotoka, kengele ilikuwa na ndui.

Wajukuu, ringi ya lori si chuma kimoja. Ni mkanda wa nje na sahani ya katikati, na pale vinapokutana pana ufa ambao hata wembe hauingii. Maji yangu yalipima nje. Ndani ya ufa ule, na ndani ya mashimo ya kutu, kulikuwa na samli.

Nikampigia mzee simu. "Baba, kuna mtu aliipaka kengele mafuta?"

Akasema, kwa sauti ya chini, "Ni mama. Si unajua kwetu. Mtoto mchanga tunampaka, bibi harusi tunampaka. Arisema kinachosafiri hakiondoki kikavu. Kira jioni aripaka, na usiku akaiweka karibu na mafiga ipenye."

Simu za siku zile zilikuwa na sauti kubwa, na mkewe alikuwa amekaa karibu. Nikasikia sauti ya mwanamke, upande wa nyuma, ikiuliza jambo moja tu.

"Nimeiua?"

"Hujaiua, mama," nikapaza sauti. Nilikuwa sina uhakika hata kidogo.

Kwa nini sikuwa na uhakika? Kwa sababu dawa ya mafuta yaliyozama ni moja: kukirudisha chuma tanurini kikiwa kitupu, bila unga, kwa joto kali kuliko la rangi, mpaka mafuta yote yatoke na kuungua. Hiyo ni rahisi, unavumilia tu moshi. Lakini baada ya hapo lazima mchanga upigwe tena kuondoa rangi iliyoharibika na masizi. Na pale nyundo ilipokuwa ikitua miaka yote ile, kutu ilikuwa imekula chuma kikabaki chembamba. Mchanga nao unakula. Ukizidi kidogo, unatoboa au unaleta ufa, na ringi yenye ufa inalia kama chungu kilichovunjika. Hakuna rangi duniani inayorudisha sauti.

Masanja alisema, "Peleka mbali bomba la mchanga. Punguza upepo. Piga kidogo, simama, gonga, sikiliza. Masikio yakikuambia acha, acha."

Moshi wa mafuta ulipokwisha kutoka tanurini, ndivyo nilivyofanya. Kila nikipuliza mchanga nilisimama, nikavua barakoa, nikagonga kwa kifundo, nikasikiliza. Mlio upo. Napuliza tena. Mlio upo. Chuma kikazidi kuwa cha kijivu safi, na mlio upo. Mwisho nikaitundika kwa ajili ya unga, nikabana waya wa ethi, nikagonga kwa mara ya mwisho, na badala ya mlio nikasikia "ko." Kama kugonga mlango. Nikaita, "Fundi, imekufa!"

Masanja akaja anakimbia. Akaigonga, "ko." Akaizunguka. Akabandua ule mbano wa ethi, akagonga tena, na ringi ikaimba mpaka mabati ya paa yakaitikia.

"Hata wewe ukikabwa shingo hutaimba," akasema, akaenda nje, na niliona kabisa kwamba alikwenda kujifuta macho.

Safari hii niliitia tanurini kwanza, nikaipuliza ingali na joto, ili kama kuna pumzi iliyobaki ndani iwe imekwisha kutoka. Na jambo moja nililifanya bila kuombwa. Pale pembamba, pa kutua nyundo, nilibandika utepe unaovumilia joto, upana wa kiganja, unga usipafikie. Rangi ya unga inastahimili mbuzi, mvua na malori, lakini nyundo ya kila Jumapili mahali pamoja haiistahimili. Ingepasuka hapo, maji yangeingia chini yake, kutu ingetambaa kwa siri huku juu panameremeta. Afadhali pawe wazi paonekane. Ilipotoka tanurini nilibandua utepe. Buluu yote, laini, unaweza kujiona uso, na doa moja la chuma kitupu.

Nilikwenda nayo Ntobeye mwenyewe. Sikutaka kusimuliwa.

Tulifika Jumapili asubuhi, ukungu ungali bondeni. Walikuwa wamesimika boriti mpya. Wanaume wakaitundika kwa mnyororo mmoja, ikining'inia huru bila kugusa nguzo, nikakagua hilo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wanakwaya wakanyamaza. Mzee Baranyikwa akavua kofia, akashika nyundo, akapiga.

Sauti ikaingia bondeni. Akapiga tena, polepole, kwa mwendo wake wa siku zote. Tukatazama ng'ambo. Migomba, ukungu, moshi wa jiko moja. Akapiga. Nikaanza kuomba Salamu Maria na nikawa naikosea. Akapiga. Hakuna mtu. Niliona mkono wa mzee unaanza kuchoka, na uso wake sikuthubutu kuutazama. Akapiga.

Kisha majani ya migomba yakatikisika, na kitenge cha njano kikatokeza kwenye njia.

Wajukuu, nimeona unga ukizunguka bomba na kutua mahali ambapo hakuna mkono uliouelekeza. Nilidhani nimemaliza kushangaa. Yule mama alishuka ule mteremko peke yake, bila fimbo, uso ameuinua, akapotea bondeni, akavuka magogo, akaonekana tena upande wetu, kila pigo likimvuta hatua nyingine. Hakujikwaa. Nililia wazi wazi mbele ya kwaya nzima.

Alipofika alisimama mbali kidogo. Mikono yake alikuwa ameizungushia ndani ya kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiwe wa kwenye simu." Akageuzia uso upande wa kengele. "Ni yenyewe. Niliijua kabla sijavaa viatu."

"Basi isalimie, mama."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Mikono yangu ina mafuta tangu nizaliwe. Niliharibu mara moja, inatosha."

Nikasogea, nikamwomba mkono, naye kwa shingo upande akanipa. Nikauweka kwenye buluu. Vidole vyake vikasimama kwanza, vikingoja kukatwa. Halafu vikaanza kutembea. Vilizunguka ukingo wote, vikaingia kwenye matundu ya boliti, vikapita kwenye ule ufa wa katikati ambao sasa ulikuwa umefungwa na rangi.

"Ni kama shavu la mtoto," akasema. Kisha vidole vikafika kwenye doa. Akakunja uso. "Hapa mmepasahau. Hapa pako uchi."

"Hatujapasahau, mama. Hapo ndipo nyundo inapotua. Tungepaka, rangi ingepasuka. Hapo rangi haiwezi kupalinda."

"Ni nini kinaweza?"

"Mafuta. Mtu apapake kila wiki, vinginevyo kutu itaingilia hapo hapo. Samli inafaa kabisa."

Akanigeuzia uso kana kwamba ananiona, akijaribu kujua kama namtania. Kisha akauingiza mkono kwenye fundo la kitenge chake, akatoa kichupa kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amekuja nacho hata hivyo.

Akachovya kidole, akatafuta lile doa, akaanza kupaka, taratibu, kwa duara. Harufu ile ile ya nyumbani ikatoka. Mzee Baranyikwa akainua nyundo ili apige pigo la mwisho sala ianze.

"Subiri," mkewe akamwambia bila kugeuka. "Sijamaliza."

Nasi wote, na kwaya, tukasubiri.